Bweni la chuo, hosteli ya mtaani au geto: tathmini ya miaka mitatu ya kulala Dar es Salaam

Mdogo wangu amepata nafasi katika chuo kimoja cha Dar es Salaam, na tangu majina yatoke hajaniuliza habari za kozi wala za wahadhiri. Anachouliza ni mahali pa kulala. Namwelewa, kwa sababu mimi mwenyewe nilisoma jijini humo miaka mitatu, kuanzia mwaka wa masomo 2021/22 hadi 2023/24, na kila mwaka nililala mahali pa aina tofauti: mwaka wa kwanza katika bweni la chuo, mwaka wa pili katika hosteli ya mtu binafsi nje ya chuo, na mwaka wa tatu katika chumba cha kupanga, kile ambacho wanafunzi wote wanakiita geto. Tathmini hii inahusu pote patatu. Majina ya chuo, ya hosteli na ya mwenye nyumba nimeyaacha makusudi, kwa kuwa msimamizi akibadilika na hosteli nayo hubadilika, na yale niliyoyalalamikia huenda leo hayapo.

Nianze na kosa nililolifanya, ambalo naona bado linafanywa kila mwaka vyuo vinapokaribia kufunguliwa. Hosteli hukaguliwa mchana. Mzazi anafika na mwanawe saa nne au saa tano asubuhi, wapangaji hawajarudi, vyumba ni vitupu, rangi inanukia upya, na koki ikifunguliwa maji yanatoka kwa nguvu kwa sababu hakuna mwingine anayeyatumia. Anaona vigae, anaona feni, anaona ukuta uliopandikizwa vipande vya chupa kwa juu, anatoa pesa. Lakini mchana mwanafunzi hayupo bwenini. Yupo darasani, maktaba, au kwenye foleni ya chakula. Anachokilipia hasa ni zile saa kumi na moja au kumi na mbili kati ya magharibi na asubuhi, na hizo ndizo ambazo hakuna aliyemwonyesha. Kwa hiyo katika tathmini hii sitahangaika sana na rangi ya ukuta. Nitaeleza usiku wa kila mahali ulivyokuwa, na ni mtu wa mwenendo gani ambaye usiku huo ungemfaa.

Inafaa pia msomaji anijue, kwa sababu hukumu yangu inategemea mwenendo wangu. Mimi hulala saa nne usiku na kuamka saa kumi alfajiri, na kama kuna somo gumu, ni saa hizo za alfajiri ndizo linaniingia. Napenda kupika. Kelele za watu wanaozungumza sizijali sana, ila taa inayowaka usoni inanikosesha usingizi kabisa.

Bweni la chuo lilinipokea likiwa na vitanda viwili vya dabo deka, yaani kwa maandishi chumba kilikuwa cha watu wanne. Kufikia wiki ya tatu tulikuwa sita. Aliyesoma vyuo vya Tanzania hahitaji maelezo, lakini mzazi huenda akayahitaji: kubebana ni desturi ya mwenye kitanda kumkaribisha mwenzake aliyekosa nafasi, wakalala wawili kwenye godoro la futi mbili na nusu, mmoja kichwa huku na mwingine kichwa kule. Kikanuni ni kosa. Kiutu ni vigumu kulikemea, maana anayebebwa mara nyingi ni yule ambaye mkopo wake umechelewa au hakuupata kabisa, na mbadala wake ni kulala msikitini, kwa ndugu asiyemtaka, au kurudi kwao. Sikuwafukuza wale wawili wala sikutamani kuwafukuza. Ninachomwambia anayechagua bweni ni kwamba asihesabu vitanda, ahesabu watu: chumba cha wanne akihesabie sita, na foleni ya bafu aipime kwa hao sita wa kila chumba.

Chanzo cha kubebana kinajulikana, nacho ni vyuo kupokea wanafunzi wengi kuliko mabweni yanavyojengwa. Mfano ambao kila mtu anaujua ni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwezi Juni 2016, Rais John Magufuli alipokwenda Mlimani kuweka jiwe la msingi la maktaba mpya, aliagiza pajengwe mabweni, na tarehe 15 Aprili 2017 akarudi kuyazindua yakiwa majengo 20 yenye uwezo wa kulaza wanafunzi 3,840, kazi iliyofanywa na Wakala wa Majengo Tanzania kwa shilingi bilioni 10. Gawanya hesabu hiyo utapata wanafunzi 192 kwa kila jengo. Kwa aliyekuwa akipanda daladala kila alfajiri ilikuwa neema, wala sina neno la kuibeza. Hata hivyo, anayependa upweke aitazame namba hiyo mara mbili, kwa sababu jengo la watu 192 ni mtaa mzima uliopandishwa ghorofa, wenye harusi zake, misiba yake na ugomvi wake wa ndoo.

Usiku wa bweni letu ulianza kwa hakika saa tatu, watu walipotoka kula. Chumba kilikuwa na taa moja katikati ya dari na swichi moja mlangoni, na aliyelala kitanda cha juu yangu alikuwa bundi: alisoma vizuri tu kuanzia saa nne usiku hadi saa nane, akalala, na mimi nikaamka saa mbili baadaye kuiwasha taa ileile aliyoizima. Kila mmoja wetu alikuwa na haki, na kila mmoja alimtesa mwenzake. Suluhisho letu lilikuwa kanga mbili tulizozifunga kwenye nguzo za kitanda cha chini zikaning'inia kama pazia. Ndani yake palikuwa na giza la kutosha kulala, na joto la kutosha kuivisha embe. Feni haikufika huko. Muhula wa pili tukabadilisha mpango, yeye akawa anasomea chumba cha kujisomea cha ghorofa ya chini na mimi alfajiri nikatoka na daftari langu hadi kwenye ngazi, ambako taa haikuzimwa usiku kucha. Nusu ya masomo yangu ya takwimu niliyamaliza nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya saruji.

Kunguni nao wawepo katika tathmini, kwa kuwa ni wapangaji wa kudumu wasiolipa. Jumamosi asubuhi magodoro yalitolewa juani, maji yaliyochemka yakamwagwa kwenye maungio ya vitanda vya chuma, na kwa wiki mbili tukapumua. Anayekagua bweni ainue kona ya godoro na kutazama mshono. Madoa madogo meusi yaliyojipanga kando ya uzi yatamweleza mengi kuliko mlezi wa bweni.

Baada ya kulalamika hivyo, lazima nikiri kwamba bweni la chuo lina kitu kimoja ambacho sikukipata tena popote, nacho ni ukaribu. Kutoka kitandani hadi ukumbi wa mihadhara nilitembea dakika saba. Diskasheni ikiisha saa sita usiku nilirudi kwa miguu, kwenye njia yenye taa na yenye watu, bila kumpigia simu bodaboda. Kipindi kikiahirishwa kwa ghafla nilirudi kulala saa moja zima na kuamka tena. Mwanafunzi ambaye kozi yake ina kazi nyingi za vikundi, au maabara zinazoendelea hadi jioni, anapata hapo faida ambayo hosteli ya mtaani haiwezi kumpa hata ikiwa na vigae vya dhahabu. Anapata pia watu. Marafiki niliobaki nao hadi leo ni wa bweni lile, pamoja na yule bundi.

Mwaka wa pili nafasi za chuoni walipewa kwanza wanafunzi wapya, na mimi nikaingia mikononi mwa dalali. Hosteli aliyonipeleka ilikuwa ya wasichana peke yao, ghorofa mbili, umbali wa daladala moja kutoka chuoni, chumba cha watu wanne chenye kabati la kila mtu lenye kufuli. Tulifika saa tano asubuhi. Nilifungua koki tatu, zote zikatoa maji, nikafurahi kama mtu aliyeona kisima. Bei ilikuwa shilingi 450,000 kwa semista, malipo kabla ya kuingia. Mwaka huo fedha ya kujikimu ya mkopo, yaani bumu, ilikuwa shilingi 10,000 kwa siku, hivyo bumu la siku 60 lilikuwa 600,000, na hosteli peke yake ikameza robo tatu ya bumu la kwanza. Mzazi anayedhani mwanawe mwenye mkopo hahitaji kuongezewa chochote aifanye hesabu hiyo polepole.

Usiku wa hosteli ulikuwa wa kimya. Saa nne geti lilifungwa, saa tano sebule ikazimwa televisheni, na wenzangu watatu wote walikuwa watu wa kulala mapema. Kwa wiki tatu za mwanzo niliamini kwamba nimefika. Kisha ukaja mgao wa maji wa mwishoni mwa 2022, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka na jiji zima likaanza kuhesabu ndoo. Hosteli ilikuwa na simtanki mbili za lita 5,000, na sisi tulikuwa wasichana karibu 60, kila mmoja akiwa na nywele za kuosha na nguo za kufua. Matangi yakijaa tulikaa nayo siku mbili, tukijibana sana siku tatu. Maji ya bomba yakapitisha wiki bila kuja. Mwenye hosteli alipoagiza boza, lilifika usiku wa manane kwa sababu mchana maboza yalikuwa yameshachukuliwa, na asubuhi tuliyakuta matangi yamejaa na foleni imeshaanza.

Hapo ndipo mwenendo wangu uliokuwa mzigo bwenini ulipogeuka kuwa mtaji. Saa kumi alfajiri nilikuwa wa kwanza kwenye koki ya chini ya tangi, nikiwa na ndoo mbili za lita 20, na hadi foleni inafika watu kumi mimi nilikuwa nimeshaoga na kukaa na kitabu. Bundi wangu wa mwaka wa kwanza, kama angehamia kule, angeoga mara mbili kwa wiki. Ndiyo maana siwezi kusema hosteli ile ilikuwa mbaya au nzuri kwa kila mtu. Ilimfaa anayeamka mapema na kumwadhibu anayechelewa. Tangu mwaka huo, swali langu la kwanza kwa mwenye hosteli ni matangi yana lita ngapi na wapangaji ni wangapi, kisha nagawanya mwenyewe, naye akishindwa kujibu nakuwa nimeshajibiwa.

Geti lile la saa nne lina hadithi yake. Usiku mmoja diskasheni yetu iliisha saa tatu na nusu, foleni ya magari ikatuchelewesha, nikafika saa nne na robo. Mlinzi hakuwa na ruhusa ya kufungua bila neno la matroni, na matroni hakupokea simu. Nilisimama nje dakika arobaini nikiwa na mkoba wa kompyuta mgongoni, katika barabara ya vumbi iliyokuwa na taa moja tu, ya banda la chipsi, ambayo nayo ilizimwa nikiwa nimesimama. Geti linalofungwa mapema kwa ajili ya usalama lilinifanya niwe mtu pekee asiye salama mtaani. Sipingi geti kufungwa. Mimi ni mtu wa kulala saa nne na lilinifaa siku zote isipokuwa hiyo. Lakini anayechagua aulize ni nani anashika ufunguo baada ya saa hiyo, na kama mtu huyo hulala na simu yake ikiwa imewashwa.

Kuhusu usalama, wengi hukagua ukuta na kusahau njia. Mwezi Januari 2013 wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, waliandamana katikati ya jiji kwa sababu ya uhalifu waliokuwa wakifanyiwa wenzao waliopanga Kigamboni, ng'ambo ya kivuko, wakati ambapo hata Daraja la Nyerere lilikuwa halijafunguliwa. Walikwenda kupanga huko kwa sababu kodi za katikati ya jiji si za kiwango cha mwanafunzi, na umbali huo ukawagharimu. Tangu nisome habari ile nimekuwa na tabia ya kuhesabu hatua kutoka kituo cha daladala hadi getini. Hosteli yangu ilikuwa na hatua 410, na kati ya hizo zaidi ya 300 zilikuwa gizani. Ningehesabu kabla ya kulipa, ningeomba punguzo au ningetafuta kwingine.

Jambo la mwisho kuhusu hosteli ni jiko. Kanuni zilikataza kupika vyumbani, na kwa nyumba yenye nyaya za aina ile kanuni ilikuwa ya busara. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba chakula chote kilinunuliwa nje: chai na chapati asubuhi, wali maharage kwa mama ntilie mchana, chipsi usiku, na kwa siku sikuwahi kutumia chini ya shilingi 5,500. Wasioweza kumudu walipika kwa siri. Karibu kila chumba kilikuwa na jiko dogo la umeme lililofichwa ndani ya begi la nguo, na soketi ya chumba cha jirani yetu iliungua hadi ukuta ukapiga weusi mkubwa kama sinia. Siku hiyo ndiyo niliyotambua kwamba jengo lilikuwa na ngazi moja tu, na madirisha yote yana nondo. Nondo huzuia mwizi kuingia, na moto ukiwaka humzuia mwenye chumba kutoka. Mkaguzi wa hosteli akiuliza swali moja tu la kiufundi maishani mwake, na liwe hilo la njia ya pili ya kutokea. Mwezi mtukufu nao ulitupa somo jingine: wenzangu wawili waliokuwa wakifunga walikula daku ya mkate na chai baridi mwezi mzima, kwa kuwa saa kumi alfajiri hakuna mama ntilie aliyewasha moto na jiko halikuruhusiwa.

Mwaka wa tatu nikaenda geto. Tulikuwa wawili, chumba kimoja chenye choo cha nje tulichochangia na familia mbili, kodi shilingi 80,000 kwa mwezi. Ukisikia 80,000 kwa watu wawili unaona rahisi, lakini mwenye nyumba alitaka miezi sita kwa mkupuo, na dalali akataka kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake, hivyo tulitoa 560,000 kabla hatujanunua hata ndoo. Kitanda, godoro, mtungi mdogo wa gesi, sufuria mbili na pazia vilifuata. Geto ni nafuu kwa anayekaa mwaka mzima na mwenye wa kuchangia naye. Kwa anayekaa semista moja peke yake ni ghali kuliko hosteli.

Usiku wa geto ulikuwa wangu. Niliwasha taa saa kumi bila kumuomba mtu radhi, kwa kuwa tulichagua kwa makusudi kuishi watu wenye saa zinazolingana, na hilo ndilo jambo la busara zaidi nililolifanya katika miaka mitatu. Tulipika dagaa, mchicha na ugali, tukagawana gharama, na matumizi yangu ya chakula yakashuka hadi karibu shilingi 3,000 kwa siku. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo aliyetuita wanangu, tukamwamkia shikamoo kila asubuhi, na tulipougua malaria alituletea uji. Bweni lina mlezi anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo, lakini uji sikuwahi kuletewa.

Mapungufu yake ni ya mtaa. Mita ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ilikuwa moja kwa nyumba nzima, na kila umeme ulipokatika palizuka mjadala wa nani ana friji na nani anapiga pasi sana. Mgao wa umeme ulioanza Septemba 2023 ukatukuta hatuna jenereta wala taa ya akiba, na siku nyingi tulibaki chuoni hadi maktaba ifungwe, si kwa kupenda kusoma bali kwa kuwa simu zilihitaji chaji. Desemba mwaka huohuo nauli ya daladala ya safari fupi ikapanda kutoka 500 hadi 600, yaani 1,200 kwenda na kurudi. Kwa siku tano za wiki katika semista ya wiki 17 ni shilingi 102,000, karibu kodi ya mwezi mmoja na robo. Na usiku wa kuamkia mtihani wa mwisho wa kozi iliyonitisha kuliko zote, nyumba ya tatu kutoka kwetu walifunga turubai, wakaleta spika kubwa kama kabati, kigodoro, yaani ngoma ya mtaani ya kukesha, kikachezwa hadi adhana ya alfajiri. Mtaa haujui ratiba ya mitihani, wala haudaiwi kuijua. Nilivaa vipokea sauti visivyocheza chochote, nikakaa na kitabu, nikafaulu kwa alama ambazo sitazitaja.

Kama ningeanza upya leo nikiwa na mwenendo uleule, ningekaa bweni la chuo mwaka wa kwanza kwa ajili ya watu na ukaribu, kisha ningeruka hosteli na kwenda geto moja kwa moja nikiwa na mwenzangu niliyemchunguza vizuri. Kwa binti anayetoka nyumbani kwa mara ya kwanza, ambaye wazazi wake hawatalala bila kusikia neno matroni, hosteli ina nafasi yake, ila wazazi wakubali kulipia chakula. Kwa aliyeoa au kuolewa, au anayelea mtoto, bweni na hosteli havimhusu.

Mdogo wangu hafanani nami kwa lolote. Hulala saa nane za usiku, hajui kuchemsha hata yai, na mechi za Ulaya zinazoanza saa nne usiku anazijua ratiba yake kuliko ratiba ya vipindi. Bweni la chuo lingemfaa kabisa, lakini maombi hufanywa mtandaoni na alipoyafungua nafasi zilikuwa zimejaa. Kwa hiyo wiki ya kwanza amelala kwa mjomba wetu Tabata, nasi tukasubiri hadi wanafunzi wanaoendelea waliporipoti, tukaanza kuzunguka hosteli za wavulana saa tatu usiku. Katika ya kwanza muziki ulisikika tangu kituoni. Katika ya pili ndoo zilikuwa zimepangwa mstari mbele ya tangi, tukageuka bila kuingia. Ya tatu ilikuwa na taa njiani hadi getini, hatua 120 kwa hesabu yangu, ngazi mbili, na mlinzi mzee aliyeitikia shikamoo zetu kwa marahaba ndefu, kisha akashangaa.

"Miaka sita nipo hapa," alisema, "hajaja mtu kuangalia chumba usiku."

Geti hufungwa saa sita, na ufunguo anabaki nao yeye. Matangi ni manne kwa vijana 40. Vyumba vilivyobaki vilikuwa viwili, kimoja ghorofani mwisho wa korido, kimya kama maktaba, na kingine chini, ukuta kwa ukuta na sebule ya televisheni, ambako wakati huo vijana kama ishirini walikuwa wakipiga kelele za goli lililokataliwa. Mimi nisingelala humo hata usiku mmoja. Yeye alikuwa ameshaanza kumuuliza mzee king'amuzi kinalipiwa na nani.